Bahari Imekwenda Wapi?

 

Wiki hii tunajibu barua. Mama mmoja, ambaye hakupenda tumtaje, ametuandikia kuwa anamsomesha mwanawe wa miaka sita nyumbani kwa sababu za kiafya, na huu ni mwaka wa pili. Pamoja naye yumo mdogo wake wa miaka minne. Kusoma na kuandika wanaendelea vyema, hesabu wanaziweza, na Qur'ani wanaisoma kwa bibi yao kila baada ya alasiri. "Lakini sayansi," asema mama huyu, "naikimbia. Shuleni niliipata kwa kukariri, na nilipotoka kwenye mtihani niliiacha pale pale mlangoni. Mwanangu aniuliza kwa nini jongoo hujikunja, na kwa nini bahari ina chumvi na mvua haina, nami humwambia nyamaza usome. Nisaidieni kabla hajaacha kuuliza."

Maneno hayo ya mwisho yalitugusa mno, kwani sisi wenyewe tulichelewa.

Tulikwenda pwani na watoto asubuhi ya Jumamosi moja. Maji yalikuwa yamepwa hadi mbali kabisa, miamba iko wazi, mashua zimelala ubavu juu ya matope. Mtoto wetu wa tatu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka mitano, alisimama akashangaa, kisha akauliza, "Bahari imekwenda wapi?" Mikono yetu ilikuwa na kikapu, mkeka na mtoto mchanga. Tukamjibu kwa mzaha, "Imekwenda Bara Hindi, itarudi jioni." Tukacheka, na yeye akaamini. Siku chache baadaye aliyasimulia hayo mbele ya wenzake, nao wakamcheka hata akalia. Aliporudi nyumbani alituuliza kama tulimwambia kweli. Hapo ndipo ilipotupasa kumwomba radhi. Badala yake tukamwambia, "Wewe nawe, maswali mengi ya nini?"

Kwa muda wa karibu mwaka mzima mtoto yule hakutuuliza tena jambo lolote la namna hiyo. Sisi tukadhani ametulia, hata tukamsifu mbele ya wageni kwa utulivu wake.

Tunalisimulia hili kwa sababu tunaamini nyumba nyingi zina hadithi inayofanana nalo. Mama akisikia neno "sayansi" huona chupa za maabara, majina magumu na vitabu vya kigeni, akasema hilo si langu. Lakini mtoto wa miaka minne, mitano au saba hana haja ya maabara. Anahitaji mtu mzima atakayesimama naye pale pwani na kumwambia, "Sijui, mwanangu. Hebu tutazame pamoja." Mama anayeweza kuyasema maneno hayo bila haya ameshaanza kufundisha.

Wanavyuoni wetu humalizia maneno yao kwa "Wallahu a'lam" baada ya kusoma, kulinganisha na kuchuja. Sisi huku majumbani mara nyingi twalitanguliza neno hilo kabla hatujatazama chochote, tukalifanya kifuniko cha kumnyamazishia mtoto. Yafaa tulirudishe mahali pake. Kwanza tutazame, tupime, tuulize wanaojua, kisha tuseme kwa unyenyekevu kuwa Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.

Sasa tuyaingie masomo yenyewe. Tumechagua manne ambayo tumeyajaribu na watoto wetu, na hakuna hata moja linalohitaji fedha za kutajika. Mnunulieni kila mtoto daftari moja lisilo na mistari na penseli. Asiyejua kuandika atachora, na mama ataandika chini ya picha maneno ambayo mtoto mwenyewe ameyasema, hata kama yamekosewa. Somo lisizidi robo saa. Kabla ya kutazama jambo lolote, mwulizeni mtoto, "Wadhani itakuwaje?" na muandike dhana yake. Msimkosoe. Mwacheni jambo lenyewe limjibu.

Tuanze na swali la mtoto wa mama yetu aliyetuandikia, la chumvi. Chukueni maji ya bahari, kikombe kimoja kinatosha, myamimine katika sahani pana nyeusi au ya bati, myaweke juani mahali ambapo paka na kuku hawafiki. Sahani ya pili itieni maji ya mvua au ya mfereji. Mwulizeni mtoto sahani zote zikikauka kutabaki nini. Baada ya siku moja au mbili za jua kali, sahani ya kwanza itakuwa na chembe nyeupe, na mtoto akigusa kwa ncha ya ulimi ataitambua chumvi ya mamake ya jikoni. Maji yamepanda juu kama mvuke usioonekana, chumvi imeachwa chini. Mawingu hutokana na maji yaliyopanda namna hiyo, na ndiyo maana mvua inayoshuka haina chumvi. Mkipata safari ya kwenda upande wa Gongoni, kaskazini ya Malindi, waonyesheni watoto mabwawa mapana ambayo maji ya bahari huingizwa na kuachwa yakaushwe na jua. Wataona kuwa kazi waliyoifanya kwa sahani ndiyo inayofanywa pale kwa mashamba mazima, na chumvi yake huuzwa madukani.

Na jongoo? Mwekeni juu ya jani, mtazameni bila kumuumiza. Mgongo wake ni mgumu kama ngao, tumboni ndiko kwenye miguu na ulaini. Akiguswa hujikunja ili kilicho laini kiwe ndani na kilicho kigumu kiwe nje. Baada ya hapo mrudisheni mlipomtoa na mnawe mikono kwa sabuni, kwa kuwa jongoo wengi hutoa majimaji yanayowasha.

Somo la pili ndilo tulilodaiwa na mtoto wetu, nalo ni la kujaa na kupwa kwa maji. Tunaliweka mbele ya mengine yote kwa sisi watu wa pwani, kwa sababu lipo mlangoni mwetu, na kwa sababu kalenda yetu ya Kiislamu ndiyo ufunguo wake.

Chagueni mahali pamoja panapoonekana vizuri na pasipo hatari, kama ngazi za gati, ukuta wa bandari au mkoko mmoja mnaoujua. Kila siku saa kumi, baada ya sala ya alasiri, mtoto achore maji yamefika wapi, ngazi ya ngapi, au tawi la ngapi. Pembeni ya picha aandike tarehe ya mwezi wa Kiislamu, na usiku ule achore umbo la mwezi kama alivyouona. Baada ya mwezi kumi na tano mwezi utachelewa kuchomoza, na mtoto atakuwa amelala. Basi mwamsheni alfajiri autazame. Familia isiyoweza kwenda kila siku na iende mara tatu tu: tarehe 2, tarehe 9 na tarehe 16 ya mwezi wa Kiislamu, saa ile ile ya kumi.

Haya ndiyo mtakayoyaona katika pwani yetu ya Mombasa na majirani zake. Siku za mwezi mwandamo na siku za mwezi mpevu, saa kumi maji yatakuwa yamejaa au yamekaribia kujaa kabisa, na kesho yake asubuhi kama saa nne yatakuwa yamekwenda mbali, miamba iko nje. Hizo ndizo siku za bamvua. Mkirudi tarehe 9, saa ile ile ya kumi, mtakuta maji yamepwa, lakini hayakwenda mbali, na yatakapojaa hayatapanda sana. Hayo ndiyo maji mafu. Tarehe 16 picha ya kwanza itarudi. Katika bamvua kubwa tofauti baina ya maji kujaa na maji kupwa bandarini Mombasa hukaribia mita 4, yaani zaidi ya urefu wa watu wazima wawili, mmoja amesimama juu ya kichwa cha mwenzake. Mtoto akilinganisha picha zake ataona pia kuwa saa ya kujaa haikai mahali pamoja. Husogea mbele kila siku, kwa wastani wa dakika 50, kwa kuwa mwezi nao huchelewa kwa kadiri hiyo hiyo.

Sababu yake mwambieni kwa kifupi baada ya kuona, si kabla. Mwezi huyavuta maji ya bahari, na jua nalo huyavuta, ingawa kwa nguvu ndogo zaidi kwa kuwa liko mbali. Mwezi, jua na ardhi zinapokuwa katika mstari mmoja, mivuto hiyo huungana na maji hupanda na kushuka kwa wingi. Mwezi unapokuwa nusu, mivuto hiyo haifuatani na maji hutulia. Mtoto akiuliza kwa nini basi maji hujaa mara mbili kwa siku na mwezi ni mmoja, mpongezeni, kisha mwambieni kuwa hilo lahitaji hesabu atakazozisoma akikua. Msiione aibu. Galileo, mwanachuoni mkubwa wa Italia, aliandika mwaka 1632 kwamba maji hupwa na kujaa kwa ajili ya mwendo wa ardhi, wala mwezi hauhusiki, naye alikosea. Ilikuwa mwaka 1687 ndipo Newton wa Uingereza alipoeleza mvuto wa mwezi na jua kwa hesabu. Jambo lililomshinda Galileo si vibaya likimngoja mtoto wetu miaka kumi.

Tahadhari hatuna budi kuitaja. Mtoto asiende pwani peke yake kwa jina la masomo. Maji yanaporudi katika siku za bamvua hurudi kwa haraka, na aliye mbali juu ya miamba anaweza kuzungukwa kabla hajatambua. Kila mmoja avae viatu, kwani mwambani wamo viumbe wenye miiba na samaki wenye sumu wanaojificha mchangani. Kombe na viumbe walio hai viachwe mahali pao. Ndani ya hifadhi za bahari hata kombe tupu haruhusiwi mtu kuliondoa.

Mtoto wetu alianza daftari lake akiwa amekwisha kutimiza miaka sita, baada ya sisi kumwomba radhi kwa lile la Bara Hindi. Wiki ya kwanza alichora kwa kututii tu. Wiki ya pili alianza kutukumbusha saa. Mwezi wa pili ulipoandama alikuja jikoni jioni, bibi yake amekaa akikuna nazi, akasema, "Bibi, kesho kutwa ukitaka kwenda pwani, nenda saa nne asubuhi. Maji yatakuwa mbali." Bibi aliacha mbuzi akamtazama. "Hilo nalijua tangu mamako hajazaliwa," alisema. "Tulikuwa tukienda kutafuta pweza na kombe kwa hesabu hiyo hiyo. Ila hakuna aliyeniuliza."

Sisi tulikuwa tumesimama pale pale, tumeishi naye nyumba moja miaka yote hiyo, na kweli hatukuwahi kumwuliza. Usiku ule mtoto alimkalisha bibi yake kitako na daftari, akamwuliza jina la kila upepo na kila samaki aliyemjua. Kwa hivyo tunawasihi, kabla hamjafungua simu kutafuta jibu, angalieni kwanza ni nani nyumbani au mtaani ambaye ametumia umri wake katika jambo hilo. Mvuvi, mkwezi wa minazi, fundi wa mashua, bibi aliyelima mpunga, wote ni walimu. Wengine wao watakosea katika sababu, lakini katika kutazama wengi wametupita. Na ujuzi wao, tusipouuliza sasa, tutauzika pamoja nao.

Somo la tatu ni la kivuli, nalo lafaa hata kwa wanaoishi katika ghorofa, mradi wapate sehemu ya jua juu ya paa au uani. Simikeni kijiti kilichonyooka katika ndoo ya mchanga, kiwe wima kabisa. Kila baada ya nusu saa, kuanzia saa tano na nusu hadi saa saba na nusu, mtoto aweke kijiwe kwenye ncha ya kivuli. Badala ya rula mpeni uzi, apime na kukata, kisha alinganishe nyuzi zake. Ataona kivuli kikifupika, kikifupika, kisha kinaanza kurefuka upande wa pili. Hapo jua limepinduka na wakati wa adhuhuri umeingia. Kwa Mombasa hilo hutokea baada kidogo ya saa sita, mara nyingi baina ya dakika tano na nusu saa kupita. Mtoto aliyezoea kusikia adhana tu sasa anajua mwadhini anafuata nini.

Auweke uzi wa kivuli kifupi kuliko vyote. Kisha akate uzi wa pili wenye urefu sawa na kijiti chenyewe, aufunge na ule wa kwanza. Kivuli kitakapofikia urefu wa nyuzi hizo mbili zilizounganishwa, wakati wa alasiri utakuwa umeingia kwa madhehebu ya Shafi tunayoyafuata wengi wetu huku pwani. Hesabu ya kujumlisha imesomwa, fiqhi imesomwa, elimu ya jua imesomwa, na vifaa ni kijiti, ndoo na uzi.

Rudieni somo hili mara moja kila mwezi, na hapo utamu wake hujitokeza. Wakati wa kusi, mwezi wa Juni, kivuli cha adhuhuri huelekea kusini, na urefu wake hufika karibu nusu ya kijiti. Wakati wa kaskazi, mwezi wa Desemba, huelekea kaskazini, na urefu wake ni kama thuluthi ya kijiti. Baina ya misimu hiyo, karibu na tarehe 10 Machi na tena mapema mwezi wa Oktoba, jua hupita juu ya utosi wa Mombasa na kivuli cha adhuhuri karibu kinatoweka. Mtoto atasema kivuli kimeibwa. Mwulizeni ni nani aliyekiiba, na mmwache afikiri. Jambo moja mumkanye kwa ukali: asilitazame jua lenyewe kwa macho, hata kwa miwani nyeusi. Twatazama kivuli, jua tunaliacha mahali pake.

Somo la nne ni la dirishani, kwa siku za mvua na kwa mtoto asiyeweza kutoka kwa ugonjwa. Chukueni choroko kumi, mziroweke usiku kucha, kisha mzigawe katika vikombe viwili vyenye pamba iliyolowa. Kikombe kimoja kiwe dirishani, cha pili mkifunike kwa sufuria mahali penye giza. Mwulizeni mtoto ipi itarefuka zaidi. Watoto wote tuliowauliza walisema ya dirishani, na sisi wakubwa tulisema hivyo hivyo. Baada ya siku tano au sita fungueni sufuria. Choroko za gizani zitakuwa ndefu kuliko wenzake, lakini zimepauka rangi ya manjano, shingo nyembamba, hazina nguvu za kusimama. Mbegu ina akiba ya chakula ndani yake, na mche ulioko gizani huitumia akiba hiyo kurefuka haraka ukiutafuta mwanga. Ukiukosa hufa. Mkiiweka choroko ile dirishani mapema, majani yake yataanza kugeuka kijani.

Tulilipenda somo hili kwa kuwa mama na mtoto wote wawili hukosea dhana, wakacheka pamoja. Mtoto anayemwona mamake akisema "Nilidhani vingine, nimekosea" hujifunza kuwa kukosea si fedheha. Sisi tulimpa wetu fedheha alipokosea kwa ajili yetu, na tumeona ilimgharimu nini.

Sasa maneno machache kuhusu imani, kwani wapo watakaouliza. Qur'ani Tukufu imetuelekeza mara nyingi tutazame mbingu, milima, wanyama na mimea. Basi kutazama kwenyewe ni ibada kwa mwenye nia njema. Hata hivyo tumejifunza kwa makosa yetu kutofanya kila somo kuwa hotuba. Mtoto anapokodolea macho jani la choroko lililofunguka, mwacheni atazame. Mara nyingi "Subhanallah" itamtoka mwenyewe, na hiyo aliyoitoa yeye ina uzito kuliko tunayomlazimisha. Pia tujihadhari na kumwambia kuwa jambo fulani limo katika Qur'ani au Hadithi ilhali tumelipata kwenye ujumbe wa simu na hatujalihakikisha. Akigundua baadaye kuwa tulimdanganya kwa jina la dini, hasara yake itakuwa kubwa kuliko ya Bara Hindi. Tusipojua, tumwulize shekhe au mwalimu wa kike anayeaminika.

Na huruma iwe sharti la masomo yote. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alitufundisha kuwahurumia wanyama. Mtoto asimvunje kaa miguu ili aone itakuwaje, wala asimfungie kipepeo katika chupa hadi afe. Kinachotazamwa leo kirudi kwao leo.

Kwa wanaowasomesha watoto wao nyumbani kikamilifu, tukumbushe kuwa Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inaifanya elimu hiyo kuwa ya lazima na kumpa mzazi jukumu la kuhakikisha mtoto yuko shuleni. Mwenye udhuru kama wa mama yetu huyu ni vyema azungumze mapema na afisi ya elimu ya eneo lake, ahifadhi barua za daktari na madaftari ya mtoto. Na kwa wengi wetu ambao watoto wetu huenda shule na madrasa, haya tuliyoyataja yanatosha asubuhi ya Jumamosi na siku za likizo. Walimu wa madarasa ya chini watayafurahia pia, kwa kuwa Mtaala wa Umilisi wenyewe wahimiza mtoto ajifunze kwa kutenda.

Kwako mama uliyetuandikia: hujachelewa. Mwanao bado anauliza, nawe umelisikia swali. Anza kesho na sahani mbili za maji. Usipojua la kusema, sema hujui, na umshike mkono mkatazame. Huenda ugonjwa uliomweka nyumbani ukawa umempa kitu ambacho wengi hawakipati, mama aliye karibu na mwenye wasaa wa kusikiliza. Tunamwombea afya kamili.

Na kwenu nyote, kazi yetu ya wiki hii ni moja. Mwulizeni kila mtoto nyumbani swali moja analotaka kulijua kuhusu kitu anachokiona kila siku, mliandike kama alivyolisema, mtuletee. Yale tutakayoweza tutayajibu hapa, na yale tusiyoyajua tutatafuta wanaoyajua. Mtoto wetu amekwisha kutoa lake: ataka kujua samaki hulala saa ngapi. Bibi yake amesema ana la kumwambia, lakini kwanza amwambie yeye wadhani itakuwaje.

Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa, atupe subira na watoto wetu, na atusamehe tuliyowajibu kwa haraka. Amin.